Ukingo wa Darini

Masomo ya wiki: Kumbukumbu la Torati 22:8; Mithali 23:29–35; Habakuki 2:15

Wapendwa katika Bwana,

Kati ya amri ya kiota cha ndege na amri ya shamba la mizabibu, Musa ameweka amri ya mstari mmoja ambayo wasomaji wengi huipita mbio. Anayejenga nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Dari hapo ni paa bapa la nyumba za siku zile. Rahabu alitandaza mabua ya kitani huko juu na kuwaficha wapelelezi ndani yake. Petro alipanda darini kusali. Watu waliishi huko, na watoto wao pamoja nao. Sasa tazameni amri inamkamata nani. Haimwambii mtoto achunge miguu yake. Inamkamata mwenye nyumba, na inamkamata kabla hajaanguka mtu yeyote.

Tukija kwenye pombe, sehemu kubwa ya mafundisho yetu kwa watoto ni neno moja: usinywe. Ni neno jema, lakini si ukingo. Ni sawa na kusimama chini na kumpigia kelele mtoto aliyeko darini awe mwangalifu. Anaambiwa "usinywe" kwa dakika tano siku ya ibada, kisha siku sita anapita chini ya bango lenye watu wanaocheka na chupa zinazotoa jasho la baridi. Hatuwezi kushangaa ni sauti ipi inayomkaa kichwani.

Mwandishi wa Mithali 23 alilijua hili. Katika mstari wa 31 hajaanza na kinywa, ameanza na macho: mvinyo usiutazame. Kisha anataja vinavyovuta macho, yaani wekundu wake, unavyong'aa bilaurini, unavyoteremka taratibu. Ni kana kwamba alisimama nyuma ya kamera ya tangazo la leo. Mistari iliyobaki inaonyesha kile ambacho kamera huzimwa kabla ya kukifikia: macho mekundu, majeraha yasiyojulikana yametoka wapi, sumu ya nyoka, na mtu anayeamka akiulizia kinywaji kingine. Hadithi ndani ya tangazo la pombe huishia saa mbili usiku. Saa tisa za usiku hazimo kamwe.

Tangazo halimwambii mtoto "nunua". Linamfundisha ushirika wa vitu: pombe na ushindi, pombe na urafiki, pombe na kuwa mtu mzima anayeheshimiwa. Mtoto wa chini ya miaka 8 kwa kawaida bado hajang'amua kwamba anayemchekesha ana kitu cha kuuza. Mkubwa wake anang'amua, ila anaamini kwamba yeye hadanganyiki, na hapo ndipo anapodanganyika. Mwaka 2009 watafiti walikusanya tafiti 13 zilizowafuatilia vijana zaidi ya 38,000 kwa muda. Tafiti 12 kati ya hizo zilionyesha kwamba walioyaona matangazo ya pombe zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza kunywa, au wa kuzidisha kama walikuwa wameshaanza. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1997, uliona kwamba kati ya walioanza kunywa wakiwa na miaka 14 au chini yake, zaidi ya asilimia 40 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani maishani. Kwa walioanza na miaka 20 au zaidi, ilikuwa kama asilimia 10. Tuwe wakweli: umri peke yake hauelezi tofauti hiyo yote, kwa kuwa mtoto anayeanza mapema mara nyingi ana mizigo mingine nyumbani. Lakini ubongo unaendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, na sehemu inayochelewa kuliko zote ni ile ya kujizuia. Anayeanza mapema anafungua mlango ambao kufuli lake halijatengenezwa.

Wapo wanaosema kuonja kidogo hakumdhuru mtoto. Tufanye hesabu. Kopo la bia la mililita 330 lenye kileo cha asilimia 5 lina takriban gramu 13 za kileo halisi. Chupa ndogo au kifuko cha mililita 100 cha pombe kali ya asilimia 40 kina takriban gramu 32, sawa na makopo mawili na nusu hivi ya bia, na kinaingia kwenye mfuko wa sare ya shule bila kuonekana. Kwa mtoto wa kilo 15, hata sehemu tu ya kiasi hicho inaweza kumpotezea fahamu. Kileo huzuia ini lisitengeneze sukari, na mtoto mdogo ana akiba ndogo sana. Sukari ya damu inashuka, anapoa mwili, anaweza kushikwa na degedege. Watu husema "amelala tu" kumbe anazimika. Akiwa hivyo mlazeni kwa ubavu, mtu mmoja asiondoke kando yake, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa aliyoinywea. Msimtapishe, msimpe kahawa, msimmwagie maji baridi. Na kwa kuwa tunasema ya nyumba ya Bwana pia: vitakasa mikono vingi vina kileo cha asilimia 60 au zaidi, navyo hukaa mlangoni pa kanisa kwenye kimo cha mkono wa mtoto. Vipandisheni juu.

Ukingo unaanza kwa kuona. Wiki hii, watu wawili au watatu kutoka kila kikundi cha maombi watembee njia ambayo watoto huipita kwenda shule na kurudi, saa zile zile wanazopita wao. Kila penye tangazo, mmoja achuchumae hadi macho yake yawe mita moja kutoka ardhini. Mtagundua kwamba mabango makubwa ya juu si tatizo kubwa kama mlivyodhani; yanayomkuta mtoto usoni ni stika za mlangoni, majokofu yenye nembo, miavuli, viti, na ubao wa bei ulioegeshwa chini. Andikeni mahali, tarehe, saa, aina ya tangazo na umbali kutoka lango la shule. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo mita 200 ni hatua 267 hivi. Nimetaja mita 200 kwa sababu ndicho kipimo cha Ireland: sheria yake ya mwaka 2018 inakataza matangazo ya pombe mahali pa wazi ndani ya umbali huo kutoka shule, vituo vya kulelea watoto na viwanja vya halmashauri vya watoto kuchezea. Pigeni picha za mabango, msipige picha za watoto wala za wanywaji. Kazi hii si ya kumuaibisha mtu.

Kisha jueni sheria ya nchi yenu inasema nini, maana malalamiko yasiyotaja kifungu huishia kwenye droo. Barua iwe ya ukurasa mmoja: tulichokiona, lini, wapi, kinavunja kanuni ipi, tunaomba kiondolewe kufikia tarehe gani. Jambo moja kwa barua moja. Nakala apelekewe mkuu wa shule, kwa sababu mara nyingi yeye ana nguvu ya kisheria kuliko mchungaji. Kosa la kawaida la makanisa ni kuandika kurasa nne za maadili zenye aya kumi za Biblia na kusahau kutaja barabara lilipo hilo bango.

Mkijibiwa kwamba kampuni tayari inafuata kanuni zake yenyewe, ulizeni kanuni hizo zinasemaje. Iliyoenea sana inaruhusu tangazo pale ambapo angalau asilimia 70 ya watazamaji wametimiza umri wa kunywa. Pigeni hesabu: kipindi chenye watazamaji milioni 10 kinaweza kuwa na watoto karibu milioni 3, na kanuni haijavunjwa. Huo ni ukingo uliochorwa kwa chaki. Nchi zilizochukua hatua nzito zaidi zipo. Norway ilipiga marufuku matangazo ya pombe mwaka 1975. Ufaransa iliyaondoa kwenye televisheni na sinema, pamoja na udhamini wa michezo, kwa sheria ya mwaka 1991. Lithuania iliyafuta karibu yote kuanzia Januari 2018, na siku hiyo hiyo ikapandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 20. Shirika la Afya Duniani nalo linaweka kizuizi cha matangazo kati ya hatua tano linazozihimiza serikali, pamoja na kodi, kupunguza upatikanaji, kudhibiti madereva walevi na kuwapatia wanywaji matibabu.

Simu ni dari nyingine, na hiyo haina hata sakafu inayoonekana. Mtoto akijiandikisha kwa mwaka wa kuzaliwa wa uongo, mtandao unamhesabu mtu mzima na kumletea matangazo ya watu wazima. Kwa hiyo kwanza kagueni umri ulioandikwa kwenye akaunti yake. Akaunti ya Google ina ukurasa uitwao My Ad Center, na humo, kwenye mada nyeti, pombe inaweza kuzimwa. Inapunguza tu, haimalizi. Zaidi ya hapo, mipangilio hiyo haigusi video ya msanii anayeshika chupa huku akicheza, kwa kuwa mtandao hauihesabu kuwa tangazo hata kama amelipwa. Hapo dawa ni kukaa na mtoto na kumuuliza maswali matatu: Nani amelipia hii? Wanataka uhisi nini? Ni kitu gani hawajakuonyesha? Mtoto wa miaka 9 anayaweza. Msisubiri afike 13, kwa sababu katika miaka hiyo ya katikati ndipo watoto wengi huacha kuiona pombe kama kitu kibaya na kuanza kuiona kama kitu cha kufurahisha.

Sasa tuingie ndani ya nyumba yetu wenyewe, panapouma. Habakuki anamtamkia ole yule anayempa jirani yake kileo ili amlevye. Tumezoea kumwelekezea kidole mwenye baa. Lakini nani alikodi viti na maturubai yenye nembo ya bia kwa ajili ya sherehe ya vijana? Nani alipokea jezi za mashindano ya watoto bila kutazama kilichoandikwa kifuani? Udhamini si sadaka. Kampuni inanunua kifua cha mtoto kwa bei rahisi kuliko bango. Kataeni kwa maandishi, mapema, kabla bajeti ya mashindano haijategemea fedha hizo, maana baada ya hapo hamtakuwa na ujasiri. Ikiwa jezi zimeshapokelewa, fundi ashone kitambaa juu ya nembo. Angalieni pia vinywaji visivyo na kileo vinavyovaa jina, rangi na chupa ile ile ya bia. Kilichomo hakilevyi, ni kweli, ila mtoto anaizoea nembo, na mahali pasiporuhusiwa tangazo la bia mara nyingi hilo la asilimia sifuri hupenya.

Majumbani ni mambo madogo. Mtoto asitumwe kununua pombe wala kufungua chupa ya mgeni. Glasi zenye mabaki zimwagwe usiku ule ule, kwa sababu mtoto mdogo huamka kabla ya wazazi. Pombe isihamishiwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Na mama mjamzito asinywe kabisa: kileo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Malaika alimwambia mama yake Samsoni asinywe divai wala kileo kabla mimba haijatungwa (Waamuzi 13). Huo nao ni ukingo, tena wa mapema kuliko wote.

Limebaki moja ambalo tungependa mlishike kwa mikono miwili. Katika darasa la watoto mnapolaani ulevi, yupo mtoto aliyekaa pale ambaye baba au mama yake anakunywa. Anachosikia si onyo, anasikia nyumba yake ikilaaniwa. Semeni juu ya pombe bila kumdhihaki mlevi, na msiigize kupepesuka kwake ili watoto wacheke. Na msimwambie mzazi huyo aache leo hii kwa imani kama amekunywa sana kila siku kwa muda mrefu. Mwili uliozoea kileo ukikinyimwa ghafla unaweza kutetemeka, kupata degedege na kuchanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, na wengine hufa. Ombeni naye, halafu mpelekeni kwa mhudumu wa afya ili ashushwe taratibu.

Mtoto wake aambiwe maneno haya faraghani: kosa si lako, huwezi kumzuia, wala si kazi yako kumponya. Apewe mpango mfupi anaoweza kuukumbuka akiwa na hofu. Asipande chombo kinachoendeshwa na aliyelewa, hata akikasirikiwa. Namba ya mtu mzima mmoja iandikwe ndani ya jalada la daftari lake. Na ijulikane nyumba moja ya kukimbilia, ya watu ambao wamekwisha kukubali mapema, ambao mlango wao unagongeka saa tisa za usiku.