Wateja wangu wa kwanza waliletwa na kirikuu

Mwaka wa saba huu nafanya udalali wa nyumba za kupanga Kimara, Dar es Salaam, kuanzia Korogwe na Kimara Mwisho mpaka Suka na Temboni, na ni muda mrefu sijabandika karatasi hata moja kwenye nguzo ya umeme. Naandika haya kwa sababu kila mara napigiwa simu na vijana wanaoanza kazi hii, na ushauri waliopewa ni uleule uliokula hela yangu na miezi minane ya maisha yangu. Unaniuma kila nikiusikia.

Kaka mmoja wa kijiweni, mzoefu kuliko sisi wote, aliniambia hivi: "Mdogo wangu, mteja ni wa leo tu. Chukua hela ya kuoneshwa nyumba kabla hajapanda bodaboda, akishaondoka humpati tena." Mwingine akaniambia nijaze karatasi kila nguzo. Nikafanya yote mawili.

Nilichapisha karatasi mia tatu. Gundi nilipika mwenyewe ya unga wa ngano, nikatoka usiku na mtoto wa dada yangu, ndoo mkononi, tukabandika kutoka Baruti mpaka Temboni. Ukijumlisha na nauli na chakula cha yule kijana, kama elfu themanini ilikatika. Simu ziliita kweli wiki ya kwanza, tena mfululizo. Wengine walitaka chumba Sinza, wengine walitaka kodi ya elfu thelathini kwa nyumba nzima, na wengi, nilikuja kujua baadaye, walikuwa madalali wenzangu wanaojifanya wapangaji. Mmoja alikuja na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Niliwatembeza chumba na sebule kizuri cha Suka, wakakagua mpaka bomba la chooni, wakasema wataongea nyumbani. Siku ya tatu nikaiona nyumba ile kwenye statasi ya yule bwana, kwa picha nilizomtumia mimi. Kivuli changu nikiwa nimeinua simu kilikuwa pale pale ukutani, pembeni ya swichi. Alikuwa ameshaenda kwa mwenye nyumba moja kwa moja. Halafu masika yakaingia, karatasi zikamomonyoka zote.

Kilichonitoa ni kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo vinavyohamisha watu.

Nilikuwa nakunywa chai kwa dada mmoja karibu na kijiwe cha kirikuu, asubuhi, sina hata nyumba moja mkononi. Dereva mmoja akamwambia mwenzake, "Kesho alfajiri nahamisha mtu kule mlimani, vitu vyake vingi, njoo unisaidie." Nikaweka kikombe chini. Kumbe kuna mtu anayejua nyumba itabaki wazi kesho, wakati hakuna dalali hata mmoja aliyesikia! Nikamwomba twende wote.

Alfajiri nikapanda nao. Nilibeba masufuria na makapeti kama mmoja wao, na huku nabeba naongea na yule mama anayehama. Nikamuuliza, mama, mbona unaondoka, nyumba nzuri hivi? Akanieleza yote. Maji ya DAWASA yanatoka usiku wa manane mara mbili kwa wiki, usipoamka kukinga umekosa. Mita ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa wapangaji wanne, na mmoja ana friji la biashara. Mvua ikinyesha bodaboda wanakushusha chini, unapanda kilima kwa miguu na mtoto. Mambo hayo mwenye nyumba asingeniambia hata ningemwuliza wiki nzima. Mtu anayehama hana cha kuficha, ameshapakia vitu vyake. Siku hiyo nilinunua daftari.

Wenye nyumba wamechoshwa na sisi, kwa hiyo sikumvamia mama mwenye nyumba ile. Nilisubiri gari liondoke, nikamsaidia kufagia chumba, ndipo nikamwambia, "Mama, naomba wiki moja tu. Ufunguo kaa nao wewe, mimi nitakuja na mtu." Akaniangalia sana, akasema nikileta watu wa kupiga picha tu asinione tena. Nilipeleka mtu mmoja. Kabla hatujapanda kile kilima nilimweleza habari ya maji, LUKU na njia. Akasema mimi sina mtoto, na usiku huwa sijalala, nipeleke. Akapanga siku ileile.

Tangu hapo dereva akinipa habari na nyumba ikapata mtu, namtumia elfu kumi siku hiyohiyo nikishalipwa. Usimwambie "nitakuangalia". Walianza wawili, sasa ni sita, na mafundi bomba wawili wameingia pia.

Daftari lile ndilo kazi yangu. Kila nyumba ina ukurasa wake: maji siku gani, mita ni ya peke yako au ya kuchangia, njia wakati wa mvua, kelele za usiku, mwenye nyumba anaishi humo au la. Nyumba mpya naenda kuitazama mvua ikinyesha, maana kiangazi kila ukuta unapendeza.

Kuna dada mmoja nesi nilimpeleka nyumba ya Temboni, ina vigae na geti. Ameshaipenda, anataka kutoa kodi ya miezi sita pale pale. Nikamwambia, "Dada, kabla hujatoa hela, nyuma ya ukuta huu kuna baa, Ijumaa na Jumamosi muziki unafika alfajiri, na wewe unatoka zamu ya usiku." Akaghairi. Mwenye nyumba alinifokea mbele ya wapangaji wake, na kwa miezi hakunipa kazi. Nilirudi nyumbani sina kitu. Lakini yule nesi nilimpatia nyumba nyingine Korogwe, na kupitia kwake wamekuja wenzake wa kazini wanne, kisha wadogo zao. Wasichana wanaoanza kazi wananipigia mimi kwa sababu hawataki kuzungushwa vichochoroni saa 1 usiku na mtu wasiyemjua.

Kuhusu hela ya kuoneshwa, niliiacha kabisa. Nauli ya boda ya mteja analipa mwenyewe, yangu nalipa mimi, na akipata nyumba nachukua malipo sawa na kodi ya mwezi mmoja kama kawaida. Wenzangu walinikasirikia sana.

Kitu kingine ambacho madalali wengi hawakiangalii ni mita. Mwaka 2021 serikali ilianza kukata kodi ya majengo kupitia LUKU, wakati ule shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Nyumba ikikaa tupu bila mtu kununua umeme, deni linalala humo. Nilimwingiza kijana mmoja kwenye nyumba iliyokaa miezi tisa, akanunua umeme wa elfu kumi, akapata uniti za kuhesabu kwa vidole. Alinipigia usiku, yuko gizani, anaamini nimemtapeli. Nilikwenda, nikamrudishia hela yake kutoka mfukoni mwangu, kisha nikamfuata mwenye nyumba anilipe, maana kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Sasa kabla sijamkabidhi mtu funguo nanunua tokeni ndogo mwenyewe, nasoma kilichokatwa, naandika daftarini.

Habari ile ya mita ndiyo iliyonipa wenye nyumba walio mbali. Serikali ilipohamia Dodoma watumishi wengi waliacha nyumba zao huku, na mtu wa kuziangalia hawana. Mmoja alisikia nilivyoshughulikia deni la yule kijana, akanipigia kutoka Dodoma akaniuliza kama naweza kumwangalizia nyumba mbili. Kila mwisho wa mwezi namtumia video fupi: mita, tangi, paa, choo. Sikumdai chochote kwa hilo, ila mpangaji akitoka mimi ndiye wa kwanza kujua, na amenipeleka kwa wenzake wa ofisini. Leo naangalia nyumba kumi na moja za watu walioko Dodoma.

Na mpangaji akishaingia, usimpeleke tu ukatokomea. Mtambulishe kwa mjumbe, mwoneshe duka la karibu, na baada ya siku saba mpigie umuulize maji yalitoka. Mimi swali hilo moja limeniletea wateja ambao karatasi zote mia tatu hazikuniletea.