Kabla chukudu haijafika

Kuhama huwa tunakuhesabu kwa mifuko na makartoni. Hapa Goma ningependa tuanze na jiwe. Mji wetu umekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, na katikati ya mji watu wamejenga juu ya ile lava yenyewe ya Januari 2002. Jiwe hilo ndilo linaloamua choo, maji, njia ya gari, hata sahani zitakazofika nzima. Basi kabla ya kukunja nguo, nenda ukaione palasela (kiwanja na nyumba yake) mpya, tena uende zaidi ya mara moja.

Nenda asubuhi na mapema. Upande wa Kyeshero, Mugunga na Lac Vert kuna mazuku, yaani kaboni dioksidi inayopanda kutoka kwenye nyufa za ardhi. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hulala mabondeni na mashimoni, hasa usiku usio na upepo. Waulize majirani, usimuulize komisioneri (dalali wa nyumba), kama kuna mahali mbuzi au mbwa walikutwa wamekufa. Wapo wanaopima kwa mshumaa. Usiuamini: gesi hiyo ikifika asilimia 10 hivi ya hewa, mtu anaweza kuzimia na mshumaa bado unawaka. Tena mtoto anayetambaa anavuta hewa ya chini, pale pale gesi ilipolala. Nyumba ya bondeni yenye habari za namna hiyo, mimi naiacha hata bei iwe nzuri vipi.

Rudi saa sita mchana, jua likiwa kali. Funga milango na madirisha, utazame juu. Moshi wa volkano unatia asidi kwenye mvua, na mabati ya huku yanaliwa mapema. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni tundu la kuvuja. Choo nacho kiulizie. Lava haichimbiki kirahisi, kwa hiyo mashimo mengi ni mafupi, yameinuliwa kwa ukuta wa mawe na ngazi za kupandia. Uliza kina chake, na familia ngapi zinakitumia. Kuhusu maji, uliza bomba linatoka siku gani. Kama halitoki, fanya hesabu: watu 6, lita 20 kila mtu, ni bidoni (madumu) 6 za lita 20 kwa siku, 180 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya bidoni ya mtaa ule, ujumlishe na kodi. Hiyo ndiyo bei ya nyumba.

Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti, yaani amana anayoishika mwenye nyumba, isipite kodi ya miezi 3 kwa nyumba ya kukaa. Andikeni na mwenye nyumba hali ya kila chumba, nakala mbili, na picha: vioo, kufuli, soketi, namba ya kontere (mita) na deni lililobaki juu yake. Garanti nyingi zinaliwa na kioo kilichokuwa kimepasuka tangu mwanzo.

Sasa mizigo. Chukudu, ile skuta kubwa ya kubebea mizigo, ya mbao ya mkaratusi, inabeba kilo mamia, na inapita kwenye vichochoro ambavyo lori la Fuso haliwezi kuingia. Lakini mji unateremka kuelekea ziwani: ukishuka, anatosha mwenye chukudu na breki yake, ukipanda kuelekea Majengo, lipia wasukumaji wawili au watatu, na mkubaliane bei kabla ya kupakia. Vitu vizito vikae chini, kamba zivutwe upya kila baada ya mteremko, maana mtikisiko wa mawe unazilegeza.

Mtikisiko huo huo ndio unaovunja vyombo. Sahani isilazwe, isimamishwe kwa ubavu, kama vitabu kwenye rafu, na kipande cha kitenge kati ya moja na nyingine. Zikilazwa, ile ya chini inabeba uzito wa zote, na jiwe moja barabarani linatosha. Ukimaliza tikisa kartoni: ukisikia mlio, ongeza nguo. Friji isafiri imesimama. Kama ililazwa, iache imesimama mpaka kesho yake ndipo uichomeke, oili irudi kwenye kompresa. Boliti za kitanda zitie kwenye soksi, soksi uifunge kwenye ubao wa kitanda chenyewe. Televisheni na pano ya sola zisimamishwe katikati ya magodoro mawili.

Kila mzigo uandike namba kwa makapeni (kalamu ya wino mzito), mtu mmoja abaki na orodha mlangoni pa zamani, mwingine mlangoni papya. Mwisho kabisa pakia mbabula (jiko la makaa), makala yaani makaa kidogo, sufuria moja, tochi, chandarua na bidoni mbili zilizojaa maji, ili viwe vya kwanza kushuka. Na fundi wa kubadilisha kufuli afike kabla ya giza, kwa sababu hujui funguo za zamani ziko mikononi mwa nani.