Andika ulichokiona wewe, sio cha kitabuni

Jamani kufanya projekti za sayansi na kidato cha kwanza sio shida kihivyo, watoto wanapenda kushikashika vitu na maswali hawaishiwi. Shughuli ipo kwenye ripoti. Mtoto kakaa na mche wake wiki nzima, kaumwagilia, kauchungulia asubuhi na jioni, ukimwambia haya sasa andika, anakimbilia kitabu cha Baiolojia anakopi aya nzima ya usanisinuru (mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga) na jaribio lake mwenyewe hulioni popote.

Muhula huu binti mmoja alipanda maharage kwenye makopo, mengine kayaweka dirishani mengine kayafungia kabatini. Kaniletea daftari, jedwali lote limefutwafutwa. Namuuliza vipi tena, ananiambia "madam ya kabatini yamekuwa marefu kuliko ya dirishani, nimekosea, kitabu kinasema mmea unahitaji mwanga". Yani alikuwa anabadilisha namba zifanane na kitabu! Nikamwambia rudisha vipimo vyako kama vilivyokuwa, twende tukaangalie. Ni kweli ya kabatini marefu, lakini shina jembamba limelala, majani madogo yana unjano, na yale ya dirishani mafupi ila yamenona na kijani chake kimekolea. Mche ukikosa mwanga unarefuka harakaharaka kuutafuta, unakula akiba iliyopo kwenye mbegu, kwa hiyo kitabu hakijadanganya na yeye hajakosea, ila alipima urefu tu, habari ya shina na rangi hakuandika. Alivyoiandika upya nilifurahi sana, ile ilikuwa ripoti yake kweli.

Hapo ndipo huwa nawasimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, wanatengeneza aiskrimu, akaweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuchemsha. Mwalimu akamwambia umechanganya mambo. Hakuacha. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar, wenzake wakamcheka, lakini hebu angalia swali lenyewe lilivyokaa: vyombo viwili, maji ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 kingine 100, vyote kwenye friji, kwa nini cha 100 kinaganda kwanza? Yani mtu akilisikia anaweza kwenda kujaribu mwenyewe, na Osborne akaenda akajaribu kweli, mwaka 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu hilo jambo.

Mimi nataka wanangu waandike hivyo. Ukiniandikia "nilimwagilia maji kiasi" nakurudishia daftari, kiasi gani, kama huna silinda ya kupimia tumia kifuniko cha chupa, ila kiwe kilekile kila siku na uniambie ni vifuniko vingapi.

Muhula ujao maksi nagawa upya, nyingi zinaenda kwenye vipimo na kwenye kile kilichokwenda tofauti na walivyotegemea, utangulizi wa kukopi utapata kidogo sana. Na rasimu ya kwanza ruksa kuandika kwa Kiswahili, Kiingereza tutahangaika nacho pamoja baadaye, maana mtoto akiandika kwa lugha anayoiongea anakumbuka hadi siku aliyosahau kumwagilia, na hiyo nayo naitaka kwenye ripoti.