Sharti lililopotea kwenye dodoso la kisukari

Tulipofika kliniki ile ya kisukari huko Mauritius, kazi ya mezani ilikuwa imekwisha. Dodoso la ADDQoL, linalopima jinsi kisukari kinavyogusa maisha ya mtu, lilikuwa limetafsiriwa kwa Kikrioli na watu wawili, kila mmoja kivyake; tafsiri zikaoanishwa, kisha mtu ambaye hakuwa ameona asilia akairudisha kwenye Kiingereza. Ilibaki hatua ambayo wengi huilipua: kukaa na wagonjwa wenyewe.

Mama mmoja mtu mzima tulimsomea badala ya kumpa karatasi. Wamauritius wengi hushinda wakizungumza Kikrioli, lakini kusoma wamezoea Kifaransa na Kiingereza. Shule za msingi zilianza kufundisha Kikrioli mwaka 2012 tu. Swali lilihusu chakula: "Si mo pa ti ena diabet", kama nisingekuwa na kisukari, uhuru wangu wa kula nipendavyo ungekuwaje? Akajibu papo hapo: mbaya zaidi. Tena jambo lenyewe ni muhimu sana kwake.

Sasa tazama hesabu. Majibu huanzia −3, "bora mno" (yaani kisukari kinamwumiza sana), hadi +1, "mbaya zaidi", kisha huzidishwa kwa umuhimu, 0 hadi 3. Mama akapata +3, kana kwamba kisukari kimemneemesha kwenye kula!

Mwenzetu wa pale akamwomba alieleze swali kwa maneno yake mwenyewe. "Dholl puri (chapati ya dengu) nimepunguza, chai nanywa bila sukari. Si mbaya hiyo?" Alikuwa akijibu hali yake ya leo. Tafsiri ilikuwa sahihi. Ila sharti, yaani lile "kama nisingekuwa na kisukari", likisomwa mara moja tu humtoka msikilizaji kabla majibu hayajaisha.

Tukaamua msomaji alirudie sharti kwenye kila jibu, bila haraka: kama usingekuwa na kisukari, uhuru wako ungekuwa bora mno; kama usingekuwa na kisukari, uhuru wako ungekuwa bora sana; hivyo hivyo hadi mwisho. Waliochagua "mbaya zaidi" tuliwauliza sababu, bila kuwasukuma wabadili, maana wapo waliojifunza kula vizuri baada tu ya kuugua, na jibu lao ni la kweli.

Mama aliposomewa upya alichagua "bora mno": −9. Tofauti ya alama 12 kwenye swali moja husogeza wastani wa maswali 19 kwa 0.63, na mchambuzi anayeona tarakimu tupu hawezi kuigundua. Ndiyo maana utaratibu wa kusoma tuliuandika kwenye mwongozo wa wahojaji, neno kwa neno.