Kafyu Isiyohitaji Kura

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Likoni, Mombasa. Watu hadi leo huniuliza: ile kafyu ya korona ilikuwa halali? Ndiyo, mahakama ilisema hivyo. Ila wengi wakisikia hivyo hudhani basi hata virungu vilikuwa halali, na hapo ndipo hukaa nao kitako.

Kafyu ilianza Ijumaa, 27 Machi 2020, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni hiyo kivukoni palifurika watu wanaokimbilia feri ili wawahi nyumbani. Hata saa moja haijafika, polisi wakarusha vitoa machozi. Picha zilizoenea zinaonyesha watu wamelazwa chini, wamebanana, huku wakipigwa. Hao ndio walioambiwa wasikaribiane wasije wakaambukizana! Siku 3 baadaye, huko Kiamaiko, Nairobi, mvulana wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao. Rais Kenyatta aliomba radhi tarehe 1 Aprili.

Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani. Tarehe 16 Aprili Jaji Weldon Korir akaamua kwamba kafyu yenyewe, kama njia ya kuzuia ugonjwa, inakubalika, lakini nguvu waliyotumia polisi imevunja Katiba. Akaagiza pia mawakili na IPOA, mamlaka inayochunguza polisi, wawekwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutoka usiku. Hebu fikiria: polisi wako barabarani na bunduki, na wenye kazi ya kuwachunguza wamefungiwa ndani.

Linaloniuma mimi ni sheria iliyotumika. Serikali haikutangaza hali ya hatari. Ilichukua Sheria ya Utulivu wa Umma, iliyotungwa zama za mkoloni, inayomruhusu waziri kuweka kafyu kwa ushauri wa mkuu wa polisi. Kura ya Bunge haihitajiki. Kumbe Kifungu cha 58 cha Katiba kinasema hali ya hatari haizidi siku 14 mpaka Bunge la Taifa liiongeze: mara ya kwanza kwa theluthi mbili ya wabunge wote, na baada ya hapo kwa robo tatu, tena isizidi miezi 2 kila mara. Mahakama ya Juu nayo imepewa uwezo wa kuamua kama tangazo ni halali.

Wapo wanaonijibu kwamba hali ya hatari ingeipa serikali meno zaidi. Siwapuuzi, ni kweli baadhi ya haki zingeweza kubanwa. Lakini Kifungu cha 25 kinakataza mateso wakati wowote, na kila nyongeza ingebidi itetewe hadharani. Kafyu yetu iliongezwa na kuongezwa hadi 20 Oktoba 2021. Mwezi Agosti mwaka huo, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walikamatwa na polisi kwa sababu ya kafyu hiyo, wakapatikana wamekufa. Wakati huo ilikuwa imeshapita zaidi ya miezi 15 tangu hukumu ya Jaji Korir.

Ninachotaka ni Bunge lirekebishe kifungu cha 8 cha Sheria ya Utulivu wa Umma. Kafyu ikizidi siku 14, ipelekwe ikapigiwe kura, na mbunge wetu wa Likoni, kama wenzake wote, asimame aseme ndiyo au la, jina lake liandikwe.