Masta haina KUCCPS

Juzi binamu yangu mdogo, amemaliza digrii mwaka huu, alinitumia voisi ya dakika nne kwa WhatsApp akiniuliza "dada, sasa masta naombea wapi, ile portal inafunguliwa lini?" Nikaiskiza mara mbili. Sauti ile naijua, ilikua ni mimi mwenyewe miaka mitatu ilopita nimekaa kwa saiba pale Mwembe Tayari, Mombasa, natafuta hio portal, na hakuna mtu alonambia kua haipo. Kwa hivo namjibu hapa, na wengine wenye swali kama lake wasome.

Sisi hapa Kenya tumekuzwa na KUCCPS, ile idara ya serikali inayopeleka watu vyuoni. Unafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, unapata gredi, unachagua kozi kwa mtandao, unangoja, siku moja unaambiwa umepelekwa chuo fulani kozi fulani, unafunga sanduku unaenda. Kazi yako ni kufaulu tu, kupelekwa utapelekwa. Masta hakuna anaekupeleka. Kila chuo kina fomu yake na dirisha lake na masharti yake, na kwa masta ya utafiti na hasa PhD, nyuma ya ile fomu kuna mtu, mwalimu mwenye jina na ofisi, anasoma makaratasi yako akijiuliza huyu akija hapa tutafanya nae nini. Kama hukumjibu hilo swali basi hata ukiwa na first class unaweza kurudishwa.

Mimi nilirudishwa. Mwaka wa kwanza niliomba vyuo sita na vyote vikakataa. Nilisomea sayansi ya bahari, nilikua na second upper safi, yaani daraja la pili la juu, na kila barua ya maombi nilianza hivi, naitafsiri: "Tangu utotoni nimekua na hamu kubwa ya kuhudumia jamii yangu na kuhifadhi mazingira." Sentensi hio ilikua ya kweli wallahi, lakini hebu isome tena, inaweza kua ya mtu yeyote, wa Turkana, wa Kisumu, wa Brazil. Haisemi nimeona nini wala nataka kujua nini.

Kilichobadilisha mambo ni babangu. Babangu ni mvuvi, sisi ni wa Mikindani, na mkono wa bahari wa Tudor tumekaa nao mlango kwa mlango. Kuna siku maji yalikua yamekupwa sana, bamvua, tukashuka nae kwenye mikoko kutoa kaa, pale chini ambapo mifereji ya maji machafu ya majumbani inamwaga. Akatoa kaa mmoja mkubwa shimoni kwa ule mchokoo wake, akamgeuza tumbo, akamfunga magando kwa kamba ya mkonge. Kisha akasema, "Hawa wa hapa wanene kuliko wa kule mbele, lakini mama wa sokoni akijua wametoka hapa hawanunui. Nyinyi mlosoma hebu nambieni, anaogopa kitu cha kweli ama anaogopa harufu?"

Sikua na jibu. Miaka minne chuoni na sikua na jibu, na lile ndo swali la masta. Nikaenda kusoma nikakuta kumbe mikoko ya Tudor imefanyiwa utafiti mwingi juu ya hayo maji machafu, na kule Mwache mikoko ilikufa eneo kubwa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 kushusha tope likafunika mizizi. Lakini kuhusu kaa anaeliwa, na mama anaeogopa kumnunua, vitu nilivyopata ni vichache. Pale penye uchache ndo pako. Mwaka wa pili barua yangu ilianza na yule kaa, shimo lile, na swali la babangu kama lilivyo, halafu nikaeleza ningepima nini kwa nyama yake, wapi na wapi, upande wa miti ya mchu na upande wa ile ya mkoko wenyewe, na mbona nataka kujifunza hizo mbinu kwa maabara ya fulani na sio kwengine. Nikaomba sehemu nne. Mbili zikajibu ndio na moja imenilipia.

Kwa hivo binamu, kabla hujauliza wapi, jiulize unataka kujua nini.

Haya sasa mambo ya karatasi. Kwa vyuo vya hapa Kenya, kwa kawaida ukiwa na first class au second upper unaingia masta moja kwa moja, ukiwa na second lower vingi vinataka uwe umefanya kazi ya fani ile kama miaka miwili. Masta yenyewe ni miaka miwili kwa hesabu ya kitabu, wa kwanza darasani, wa pili tasnifu. Nasema kwa hesabu ya kitabu manake nnao rafiki watatu walomaliza darasa vizuri kabisa halafu wakakwama kwa tasnifu, mmoja mwaka wa tano huu, propozo inaenda inarudi, msimamizi hapatikani. Inaniuma kila nikikutana nae, kwa sababu ni mtu anaejua kazi yake. Kwa hivo kabla hujalipa hata shilingi nenda idarani uliza, msimamizi wangu atakua nani, ana wanafunzi wangapi saa hizi, na walotangulia walichukua muda gani kumaliza. Waulize wanafunzi wenyewe pia, wale wako kwenye benchi nje ya ofisi wakingoja. Watakwambia ukweli wote. Pesa, HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, wana mikopo ya masta pia, sio ya digrii peke yake, wengi hawajui.

Nje ni hadithi nyengine, na kila nchi ina desturi yake. Uingereza masta ya darasani ni mwaka mmoja, Ulaya bara nyingi ni miwili. Marekani hapo ndo watu wengi hawaelewi, unaweza kuomba PhD moja kwa moja ukitoka digrii bila kupitia masta, na kwa sayansi na fani nyingi PhD za kule ukikubaliwa hulipi karo, unapewa posho ya kuishi kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Ni miaka mitano, sita, saa nyengine zaidi, lakini masta yao mara nyingi ndo inayolipishwa. Maombi yao mengi yanafungwa Disemba na Januari, kwa masomo ya Agosti au Septemba inayofuata, yaani ukianza kufikiria Disemba ushachelewa mwaka mzima. Na ukipata ofa yenye pesa kule, vyuo vingi vimekubaliana mwanafunzi asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa hivo usitishike ukiambiwa ujibu kesho. GRE nayo, mtihani wa kuombea masomo hayo ya Marekani, ni dola 220, pesa nyingi, na idara nyingi zimeuacha huo mtihani, soma ukurasa wa idara yenyewe kabla hujalipa. Hata ile ada ya kuomba, waandikie uwaombe wakusamehe, mimi niliandika mistari mitano tu na chuo kimoja kikanisamehe.

Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi karo, hilo ni kweli, lakini visa inataka uonyeshe pesa za kuishi, tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904 za mwaka zimewekwa kwa akaunti maalum, ila kama una skolashipu inayokidhi. Babangu nilipomtajia hio hesabu alinyamaza akaangalia baharini. Ndo maana skolashipu. Chevening ya Uingereza inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wanahesabu saa 2,800, unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. DAAD ya Ujerumani kwa programu zao nyingi wanataka usiwe umemaliza digrii zaidi ya miaka sita ilopita, kwa hivo kuna kuchelewa pia. Kwa sisi watu wa bahari kuna ile masta ya Oceans & Lakes ya Ubelgiji, vyuo vya Brussels, Antwerp na Ghent vimeungana, na VLIR-UOS, shirika la huko huko, wamekua wakitoa skolashipu zake kwa nchi kama yetu. Chevening, DAAD, Fulbright ya Marekani, hakuna hata moja inayokutoza pesa kuomba. Mtu akikwambia utume elfu tano kwa simu akushikie nafasi, huyo ni mwizi, na hapa mjini wapo.

Barua za waalimu za kukupendekeza ndo zilizonitoa machozi. Unatakiwa uwe nazo mbili au tatu, na mwaka wa kwanza lekchara mmoja alinikubalia vizuri kabisa, nikakaa nikijua mambo sawa, siku ya kufungwa saa tano usiku naingia kwa mtandao naona bado hajatuma. Nikapiga simu haishikwi. Nililia hadi mamangu akaamka. Saa hizi najua yeye ana wanafunzi mia tatu na mimi nilimwambia mara moja tu kwa koridoo. Mwaka wa pili kila mwalimu nilimpelekea bahasha, ndani transkripti, CV, ile barua yangu, ukurasa mmoja nimemkumbusha nilifanya nini kwa darasa lake, na tarehe nilomuandikia ilikua wiki mbili kabla ya ile ya kweli. Halafu nikamkumbusha kwa heshima kila wiki. Na hakikisha barua inatoka kwa imeili ya chuo, vyuo vingi vya nje havikubali ile yake binafsi.

Kitu chengine, na hiki ni chetu sisi watu wa Pwani hasa, majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha, kitambulisho kinasema Mwanaesha, cheti cha KCSE kimeweka jina la babu mwisho, cha digrii kimelikata. Nyumbani hakuna anaejali, lakini mtu wa visa haelewi kua hawa wote ni mtu mmoja. Shangazi yangu alikaa miezi minne kurekebisha hili, wakili, kiapo, kurudi chuoni, kurudi tena. Toa vyeti vyako vyote leo, vitandaze kitandani, soma herufi moja moja. Pasipoti anza mapema pia. Na kama digrii yako ulifundishwa kwa Kiingereza, omba chuo chako barua inayosema hivo, vyuo vyengine vitakusamehe IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, manake matokeo ya ule mtihani yanakaa miaka miwili tu kisha yanaisha na pesa zako zimeenda.

Kuwaandikia maprofesa je? Niliandikia sita. Watatu kimya mpaka leo, wawili waliniambia hawana nafasi, mmoja alijibu mistari miwili, "Swali zuri. Umesoma nini kuhusu metali nzito kwa kaa?" Nilikua nimesoma, nikamjibu usiku huo huo. Imeili iwe fupi, iwe na swali lako, itaje kazi yake moja uloisoma kweli, sio kusifu. Na kama hajajibu baada ya wiki mbili muandikie tena mara moja, hukosi adabu.

Sasa binamu yangu. Yeye amesomea ualimu wa Kiswahili, aliniambia "dada we una kaa wako, mimi nna nini?" Nikamwambia Kiswahili kinasomwa hadi huko nje, SOAS London, Bayreuth na Leipzig kule Ujerumani, na Fulbright wana mpango wa FLTA unaompeleka mtu Marekani mwaka mmoja wa masomo kufundisha Kiswahili chuoni, sio digrii ile lakini unaona vyuo vyao kwa ndani na unakutana na watu. Bado akawa hajaridhika. Nikamuuliza, kule Majengo ulipokua kwa mazoezi ya kufundisha, kitu gani kilikukera mpaka ukalala nacho?

Akanyamaza kidogo. Kisha voisi ikaja, fupi hii mara. Kulikua na mtoto wa Mji wa Kale, Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, amezaliwa nacho, aliandika insha nzuri kuliko darasa zima, na mwalimu mwenye darasa akamuekea wino mwekundu ukurasa wote kwa sababu ameandika "mato" badala ya macho na "kuteka" badala ya kucheka. Mtoto akaacha kuandika insha ndefu. "Mimi nataka kujua," anasema, "ni watoto wangapi Mombasa hii wananyamazishwa kwa Kiswahili chao wenyewe, na ni kwa sheria gani."

Nikamwambia andika hilo kwanza, fomu baadae. Leo asubuhi amenitumia ukurasa mmoja na nusu, nnao hapa kwa simu, na nikimaliza kupika naukalia kuusoma.