Michoro ya Kolo Iende Msalato

Msafiri wa ndege ni mtu wa kusubiri. Ameambiwa afike mapema, amekaguliwa mkoba na mkanda wa suruali, amepewa kadi ya kupandia ndege, kisha anaketi akiperuzi simu hadi chaji imwishie. Viwanja vingi duniani vimeujaza muda huo maduka. Vichache vimeongeza sanaa, na mimi mkazi wa Dodoma ningependa kiwanja chetu kipya cha kimataifa cha Msalato kiwe miongoni mwa hivyo vichache.

Kiwanja cha San Francisco kilianza kuandaa maonyesho mwaka 1980, na mwaka 1999 makumbusho yake yakapata ithibati ya chama cha makumbusho cha Marekani. Schiphol, Uholanzi, ilifungua tawi la Rijksmuseum, makumbusho ya taifa ya Uholanzi, mwaka 2002, ambapo abiria aliyekwishapita udhibiti wa pasipoti aliweza kutazama bila malipo picha halisi za wachoraji wa Kiholanzi. Singapore nayo, tangu 2012, ina matone 1,216 ya alumini iliyofunikwa shaba, yanayopanda na kushuka kwenye nyaya katika jengo la kwanza la abiria la kiwanja chake cha Changi. Hayo matone yanapendeza, lakini nadhani mtu akiyatazama mara mbili amekwisha kuyamaliza. Navutiwa zaidi na San Francisco, kwa kuwa maonyesho yake hubadilishwa, na kazi hiyo ina wataalamu walioajiriwa kuifanya. Haikuachiwa mkandarasi apambe ukuta siku ya ufunguzi kisha aondoke na ngazi yake.

Hofu yangu kwa Msalato ni ukuta wa namna hiyo: twiga, tembo, Mlima Kilimanjaro wenye theluji, mambo ambayo mgeni ameyaona tayari kwenye kila kikombe cha ukumbusho. Sina ugomvi na Tingatinga, lakini sanaa hiyo ilizaliwa Dar es Salaam, nasi huku Kanda ya Kati tunayo ya kwetu, tena ya kale mno.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ikiwa imeenea katika miamba zaidi ya 150. Ukisimama chini ya mwamba wa Kolo, mahali pamojawapo penye michoro hiyo, unaona watu wembamba, warefu kupita kiasi, waliochorwa kwa rangi nyekundu ya udongo. Vichwa vyao vimetanuka kwa nywele au mapambo, na mistari ni myembamba kiasi kwamba unalazimika kusogeza uso ili uone mkono unapoishia. Mwamba hauhamishiki, wala hapana haja ya kuuhamisha: mwaka 1951 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alifika huko akainakili michoro mingi kwa mkono, na leo picha kubwa zenye ukubwa uleule wa michoro zingetosha. Tena picha iliyochapishwa haiogopi sana mwanga mkali wa ukumbi wa abiria, ambao ungeharibu haraka karatasi na nguo za zamani.

Ala za muziki za Wagogo, wenyeji wa Dodoma, zinahitaji uangalifu zaidi. Ilimba, ala ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, pamoja na ustadi wote wa kupanga vile vyuma vyake, ikifungiwa kwenye kabati la kioo inakuwa ubao tu. Lazima sauti yake isikike, walau kwa spika ndogo iliyo jirani.

Lipo pia suala la wasindikizaji. Kwetu akisafiri mmoja husindikizwa na ukoo, na maonyesho yakiwekwa ndani, ng'ambo ya mashine za ukaguzi, shangazi aliyetoka Mpwapwa kumuaga mwanawe hatayaona kamwe. San Francisco ina kumbi za maonyesho zilizo kabla ya ukaguzi, na hilo tungeliiga bila aibu.

Ukuta wa kwanza ningeuchagua juu ya mkanda wa mizigo, kwa sababu hapo kila anayeshuka husimama, awe waziri au mwanafunzi wa UDOM, na hana cha kutazama isipokuwa tundu linalotema mabegi. Barabara ya Kondoa inapita Msalato hapohapo; hivyo chini ya picha ingetosha kuandika, kwa Kiswahili kwanza, kwamba michoro yenyewe iko Kolo, kaskazini kwa barabara hiyohiyo, na kwamba mgeni aanzie ofisi ya mambo ya kale iliyopo pale ili apate wa kumwongoza.